Siku Niliposema Mimi ni Mtwa

Waliotutoa sisi Watwa msituni kwetu Kongo nawajua. Ni walinzi wa mbuga waliokuja na bunduki, mwami, chifu wa kule, aliyeipigia amri muhuri, na mzungu aliyesema sokwe wanataka utulivu. Wa nne nilimkuta huku Stockholm. Alikuwa mkalimani siku nilipoomba ukimbizi, na kwao ni jirani na kwetu.

Nilisema mimi ni Mtwa. Yeye akatafsiri kwa kutaja kabila lake mwenyewe, ndilo likaandikwa. Tulipotoka akanipigapiga begani. "Mdogo wangu, nimekusaidia. Nani atamhurumia Mtwa?"

Shule yangu iliishia darasa la pili. Nikamwambia asante.

Baadaye akawa mwenyekiti wa chama chetu cha Wakongo pale Rissne, mtaa tunaokaa. Mtu akila kwa pupa kwenye sherehe, utasikia: "Punguza, unakula kama Mtwa." Watu wanacheka. Mimi nacheka. Mke wangu, naye Mtwa, anacheka kuliko wote, maana anaimba kwaya na wake zao na hakuna anayejua kabila lake.

Kazi yangu ilikuwa Jordbro, kufua mashuka ya hospitali. Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili, na mwenzangu alikuwa mama mmoja Msami, wale wenyeji wa asili wa kaskazini mwa nchi hii. Akanieleza kwamba wao wana bunge lao.

"Lina nguvu?" nikamwuliza.

"Za kuongea, ndiyo. Wakitaka kuchimba madini kwenye malisho yetu, anaamua mwingine."

"Sasa mnapiga kura ya nini?"

"Ili wasiseme hatupo." Akavuta pembe zake za shuka. "Na jina unaliandikisha mwenyewe kwenye daftari la kura. Shika vizuri, linaburuta."

Wiki ile sikulala sawasawa. Mtu na jina lake. Mimi langu lilikuwa mfukoni mwa mwenyekiti.

Ndipo Waswidi fulani wakaitisha mkutano Vällingby, juu ya haki za wenyeji wa asili. Wakaomba chama chetu kitoe mtu mmoja wa msituni aseme. Mwenyekiti akajichagua. Tukaenda wengi, na kwaya ilialikwa kuimba.

Akasimama na tai yake. "Sisi watu wa msitu," akaanza, na machozi akayaleta.

Miguu yangu ikainuka kabla yangu. Kiswidi changu ni cha mashine za kufulia, lakini kilitosha. "Huyu si Mtwa. Mtwa ni mimi. Baba yangu alilima shamba la baba yake kwa ujira wa chumvi, na chakula alitupiwa chini."

"Ndugu yetu amechoka," mwenyekiti akawaambia Waswidi, anatabasamu. "Kazi nyingi."

Nikarudia yote kwa Kiswahili, polepole, Wakongo wote wasikie. Mwandishi wa mkutano akaniuliza jina la watu wangu linaandikwaje. Nikachukua kalamu nikaliandika mwenyewe, herufi zimelala upande.

Nilipogeuka, wale mama wa kwaya walikuwa wamesogeza viti mbali na mke wangu. Amebaki katikati peke yake, mkoba mapajani.

Kwenye treni ya kurudi Rissne aliketi kiti cha mbele yangu. Akaniambia: "Wewe umetua mzigo. Na mimi uliniuliza?"

Treni iliposimama kituo kimoja kabla ya chetu, akashuka, akaanza kutembea peke yake. Nilisimama mlangoni, nishuke, nisishuke, mpaka mlango ukajifunga.