Gari Lisilo na Ufunguo

Kazi ya Jeddah ilikuwa na sharti moja tu: uwe na gari lako. Mimi ni fundi wa viyoyozi, na kampuni ndogo iliyotaka kunichukua ilikuwa ikituma mafundi majumbani kwa wateja, kila mtu na usafiri wake. Vingine vyote nilikuwa navyo. Leseni ninayo, ufundi ninao, na mke ninaye, yuko hukohuko Jeddah.

Hilo la mke ndilo lililokuwa likiniumiza. Yeye ni muuguzi. Alitangulia Saudia kwa mkataba wa hospitali, nami nikafuata na mkataba wa Riyadh, na kwa akili zetu za Tanga tuliona kuwa nchi moja ni sawa na kuwa nyumba moja. Kumbe kati ya Riyadh na Jeddah kuna basi la usiku kucha. Tulikuwa tukionana kila baada ya miezi miwili mitatu, katika chumba cha kupanga Kandara, mtaa wa hukohuko Jeddah, ambako mzee wa mapokezi hakuchoka kutudai cheti cha ndoa. Cheti alikuwa akikitunza mke wangu, na siku za karibuni alianza kukisahau hosteli ya wauguzi. Sikukupenda kule kusahau.

Mkataba wake ulikuwa unakaribia kwisha. Alinieleza bila kuzunguka: nikihamia Jeddah atasaini mwingine, nisipohamia anarudi nyumbani kwa mtoto wetu, anayelelewa na bibi yake.

"Mume wa kwenye simu nimemchoka," alisema, na hakuwa anatania.

Basi nikatafuta gari, na kwa uwezo wangu gari lilikuwa la mnada. Haya ni magari ya mikopo. Mtu akishindwa kulipa, wenye mkopo wanakuja kulichukua, wanaliweka yadi, kisha linapigwa mnada. Nikapanda basi hadi Jeddah, nikampitia mke wangu, tukaenda yadi. Nililiona tangu mbali, jeupe, vumbi limeganda juu yake kama unga wa chapati, na lilikuwa rahisi kuliko mengine yote.

"Ufunguo wake uko wapi?" mke wangu akamuuliza kijana wa yadi, kabla hata mimi sijamaliza kuchungulia matairi.

"Mafi," akajibu. Hakuna. Mwenye gari alinyang'anywa gari, ufunguo akagoma kuutoa.

Mke wangu akanitazama. Nikamwambia ufunguo ni kitu cha kuchonga, mafundi wamejaa. Hayo niliyasema mimi, mtu ambaye hukasirika mteja akiniambia kiyoyozi chake kina tatizo dogo tu.

Kilichonimaliza ni lugha. Mtu wa pwani akisikia Kiarabu hujiona yuko kwao. Mwenye kuuza anaitwa dalali, kama kwetu, na huyu alikuwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Akalipiga gari letu kofi kwenye boneti, akaanza kupaza, "Sukkar fi moya! Sukkar fi moya!" Sukari haihitaji mkalimani, na moya ni maji, neno la kwanza kulijua ukifanya kazi kwenye jua la nchi hii. Sukari kwenye maji! Mtu wa Tanga hapo anawaza sharubati, anawaza harusi.

"Unamsikia anavyolisifia?" nikamwambia mke wangu. Akacheka, mara ya kwanza siku ile, na kwa kile kicheko nikanyoosha mkono. Hakuna mwingine aliyenyoosha.

Jumatatu yake nilikuwa kazini Riyadh, juu ya paa la watu, simu sikioni. Fundi wa funguo aliniambia hachongi ufunguo wa gari bila kadi ya gari yenye jina langu, maana wezi nao huja na hadithi hiyohiyo. Haya. Nikaomba kadi ihamishiwe jina langu, nikajibiwa kwamba gari lipite ukaguzi kwanza. Nikawapigia wa ukaguzi, nikawaambia nitalileta likiwa limebebwa. Wakasema lije hata kwa mabega ya watu, lakini likifika liwake. Na ili liwake, lazima ufunguo. Nilizunguka hapo wiki nzima, kisha nikazunguka tena, nikidhani nimekosea kuuliza.

Nikawapigia waliouza. Karani wao alinisikiliza kwa upole, ule upole wa mtu asiyekusudia kukusaidia.

"Ya akhi, dalali hakukwambia? Sukkar fi moya."

Nikamwambia aliniambia, na ndiyo maana nikanunua. Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto. Sukari ikishakorogwa kwenye maji, hakuna wa kuitoa. Ndivyo wanavyosema wanapouza kitu na kasoro zake zote: ukishanunua, umeshakunywa, usije kulalamika. Nilitaka kumtukana, nikakosa Kiarabu cha kutosha.

Kampuni ya Jeddah ilinivumilia mara mbili. Mara ya tatu wakanipigia wenyewe. "Halas, basi tena, tumepata mtu."

Nikaenda Jeddah hivyohivyo. Mke wangu alitaka angalau tulione gari kwa ndani, na fundi mmoja alikubali kutufungulia mlango kwa waya, kuwasha hapana. Mlango ukafunguka. Harufu ya joto na maziwa yaliyoganda ikatupiga usoni. Nyuma kulikuwa na kiti cha mtoto mchanga, makombo ya biskuti yamejaa kwenye mikunjo. Mke wangu alikitazama kile kiti muda mrefu, kisha akaja kukaa mbele, kando yangu. Tukaacha milango wazi kwa ajili ya hewa. Alivuta mkanda, akajifunga, akashika mkoba wake mapajani kama abiria.

"Kampuni wamechukua mtu mwingine," nikasema.

"Najua. Ungepata, ungenipigia simu."

"Nitatafuta nyingine. Nipe miezi michache."

"Nimeshawaambia hospitali sisaini." Hakunitazama. "Nimewaambia juzi. Nilitaka nikwambie uso kwa uso."

Nikaumia. Nilishika usukani, ulikuwa umejifunga, haugeuki kushoto wala kulia. Nikamwuliza kwa nini hakusubiri hata nifike. Nikapandisha sauti, nikasema gari hili nimelinunua kwa ajili yake, nimehangaika kwa ajili yake, na yeye anakata tamaa kwa ajili ya ufunguo.

"Si ufunguo, mume wangu," akasema. "Mtoto ananiita shangazi kwenye simu. Bibi yake anamsahihisha, halafu ananiita tena."

Kijana wa yadi alikuja kutuambia wanafunga. Mke wangu akajifungua mkanda, akashuka, akabonyeza kufuli kwa mazoea kama nilivyofanya upande wangu, akaufunga mlango kwa upole, na hapo tu ndipo tulipokumbuka kwamba tumeufunga na hatuna cha kuufungulia tena.

Aliondoka wiki iliyofuata. Riyadh hawakunipa ruhusa ya kwenda kumsindikiza.