Kabla Hakijakatwa

Dada wa kompyuta hupuliza chai yake ya maua hata ikishapoa. Hapo maabara, Wuhan, Fundi Qiu amezoea kumwona hivyo, vidole vikigonga meza wakati kompyuta inakokotoa na kuchora jinsi leza itakavyounganisha shaba na chuma. Qiu akikata kiungo chenyewe kilichochomelewa ili kuona ndani, picha ya dada na kiungo hufanana kama shilingi kwa ya pili. Leo Qiu alimsifu mbele ya wageni mpaka mmoja akatania, “Basi dada, tuoneshe ufa ulipo ndani ya kiungo hiki kabla hakijakatwa!” Vidole vikanyamaza. Shingo ikamwiva dada kwa aibu. “Kata kwanza, fundi,” dada akamnong'oneza Qiu bila kumtazama. “Huwa naangalia kiungo chako kikishakatwa, ndipo nabadilisha namba zangu picha ifanane nacho.” Qiu akawasha msumeno upesi, wageni wasisikie.