Kilo Themanini na Nane za Baba wa Bibi Harusi

Kwenye ghala la ndege za mizigo, mpanga shehena walimwita Inabaki, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kwa miaka ishirini na miwili yeye ndiye aliyeamua kipi kipande ndege na kipi kisubiri. Mwenye mzigo alie, aape, amtaje shemeji yake wa wizarani, boksi likizidi kilo tatu jibu lilikuwa moja: "Inabaki." Ukutani alibandika amri aliyoiandika kwa mkono wake: vinavyooza kwanza, vilivyolipiwa pili, vya bure mwisho.

Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda ndege hata siku moja. Sasa kampuni ilimpa kiti cha bure nyuma ya marubani, maana binti yake wa pekee alikuwa anaolewa ng'ambo kesho yake, na ndege nyingine ilikuwa baada ya siku nne. Alifika na suti mpya, viatu vinalia, na sanduku la zawadi alilofungiwa na mkewe. Sanduku akalilipia kama mteja yeyote, asije akasemwa.

Mtu mwenye akili zake angepanda akatulia. Yeye akaona shehena ya maua imeinama kidogo upande mmoja.

"Ishusheni, ipimwe upya."

"Mzee, tumeipima alfajiri!" alilalamika mama aliyeendesha foklifti ya kuinulia mizigo. "Leo si uende zako tu?"

Ikashushwa, ikapimwa. Uzito ule ule, hata gramu haikuongezeka. Saa mbili zilikuwa zimekwenda, jua limepanda, na hewa ya joto haiinui ndege kama hewa ya asubuhi. Rubani akateremka ngazi akijifuta jasho.

"Joto limetuzidi. Punguzeni kilo themanini."

Inabaki akaipitia orodha. Maua, yanaoza. Vifaranga, watakufa. Dawa, zimelipiwa. Sanduku la mkewe, limelipiwa. Mstari wa mwisho kabisa: abiria wa bure, kilo themanini na nane.

"Toa maboksi ya maua, bwana," yule mama alimnong'oneza. "Harusi ya mwanao hiyo!"

Alitamani kuyatoa. Akaiweka kalamu juu ya mstari wa maua. Kisha akaitazama ile karatasi ukutani, mwandiko wake mwenyewe, akajifuta kwenye orodha. Ndege iliondoka ikiwa na nafasi ya kilo nane.

Kesho yake asubuhi simu iliita.

"Baba, sanduku la mama limefika. Wewe uko wapi? Watu wanakusubiri."

Alikuwa ameandaa maelezo marefu, ya joto, ya mabawa, ya utaratibu. Akayaacha yote.

"Nimebaki, mwanangu."

Alisubiri binti alie, aape, amtaje hata huyo shemeji wa wizarani. Binti akasema, "Sawa, baba," akakata simu.