Siku Nilipomfuta Bi Tatu kwa Kalamu

Kuna siku moja ya kiangazi, mwanangu, ambayo nikiikumbuka moyo wangu hunidunda kama vile bado ni msichana. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Kijiji chetu cha Ujamaa, upande wa Kilangali, kilikuwa bado kinanukia udongo wa kuta mpya, na watu waliosogezwa kutoka mashamba yao ya zamani walikuwa bado wanajifunza njia ya kwenda kwa jirani.

Mimi nilikuwa na kazi mbili, na zote nilizipenda. Asubuhi nilikuwa karani wa kijiji, kwa sababu nilimaliza darasa la saba na hati yangu ilisomeka. Alasiri nilikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima. Nilifundisha akina mama ndani ya ghala la pamba. Walikaa juu ya magunia matupu, mbao za kuandikia mapajani. Ungewaona, mwanangu! Mwanamke wa miaka hamsini anaandika jina lake kwa mara ya kwanza, kisha anageuza ubao huku na huku ili kila mtu alione.

Somo likiisha, nilifungua kijitabu alichoniachia bibi maendeleo wa wilaya, nikawasomea habari za wanawake walioitikisa dunia. Niliwasomea habari za malkia wa Misri ya kale aliyekalia kiti cha mafarao na kuvaa ndevu za bandia kama wao. Niliwasomea za malkia wa Angola aliyepigana na Wareno. Siku niliyowasomea za mwanamke Mrusi aliyepanda chombo akaizunguka dunia huko angani, ghala lilitaka kupasuka.

"Alikwenda peke yake?" akauliza mmoja.

"Peke yake."

"Basi huyo hana mama mkwe!"

Walicheka mpaka magunia yakatoa vumbi. Mimi nilijiona nimeshika taa mkononi. Nilikuwa najua habari za wanawake wakubwa wa dunia, na nikadhani kujua huko kunatosha.

Sasa nikueleze jambo moja la kwetu. Unajua kwamba sisi ukoo tunaufuata upande wa mama, na mashamba ya zamani yalikuwa ya upande wa mama. Mwanamume alioa akaja kuishi kwa wakwe zake. Kwa hiyo wanawake ndio waliojua ardhi: wapi panatuama maji, wapi mtama unakubali, wapi ukichimba unakuta chumvi. Lakini kwenye mikutano ya kijiji mambo yalikuwa mengine. Wanawake walikaa nyuma kwenye mikeka, na karani aliyenitangulia alinifundisha kwamba akisema mwanamke, unaandika jina la mwenye nyumba, baba yake au mumewe. Sikumuuliza kwa nini. Niliona ndio utaratibu wa ofisi.

Katika mkutano mmoja tulijadili kisima. Maji tulikuwa tunayafuata mtoni, mwendo wa saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, na ukirudi umechelewa unakuta watoto wamelala na njaa. Mwishoni kabisa, wanaume wameshaanza kusimama na kukung'uta suruali zao, akanyanyuka Bi Tatu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ndogo, na alikuwa mwanafunzi wangu wa ghalani.

"Ndugu mwenyekiti, maji ya chini hapa yana chumvi," alisema. "Siku wataalamu wakija, niitwe mimi niwaoneshe penye maji baridi."

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa huku anaongea na mtu mwingine. Mimi nikaandika: Mzee Shomari atawaonesha wataalamu mahali penye maji baridi. Mzee Shomari alikuwa mume wake. Kusema kweli, nilifikiri pia kwamba barua ya kuomba kisima ikifika wilayani na jina la mzee, itasikilizwa zaidi.

Wataalamu walikuja na lori kutoka Kilosa, na saruji, na pampu, na chombo cha kutobolea ardhi kinachozungushwa na wanaume wanne. Siku hiyo akina mama walikuwa mbali, kwenye shamba la pamba la kijiji. Bwana maji, kijana mpole mwenye kofia ya kaki, akafungua karatasi.

"Mzee Shomari ni nani?"

Mzee Shomari akasimama. Nilimwona alivyoshangaa, halafu nikamwona alivyofurahi. Kijiji kizima kinamtazama, mtu wa serikali amemtaja kwa jina! Akatembea hatua ishirini, akazunguka kidogo, akagonga chini kwa fimbo yake karibu na ofisi ya kijiji.

"Hapa."

Nilikuwa nimesimama palepale na daftari kwapani. Nilijua. Nikanyamaza.

Wakatoboa mchana kutwa. Alasiri maji yakatoka, tukashangilia, mwenyekiti akaonja wa kwanza. Akatema. Yalikuwa chumvi tupu. Bwana maji akafuta jasho akasema, "Ndugu zangu, nina siku moja tu. Kesho jioni naondoka na pampu yangu, kuna kijiji kingine kinanisubiri. Mkikosa kesho, sijui mtapata zamu lini."

Nilikwenda darasani na miguu mizito. Nikafungua kijitabu nijifiche humo. Kabla sijasoma mstari, Bi Tatu akanyoosha mkono.

"Mwalimu, nimemuuliza baba watoto kwa nini hawakuniita. Ananiambia jina lililoitwa ni lake. Mimi nilisema mbele yako. Uliandika nini?"

Nikamwambia. Sikuweza kumtazama.

Hakupandisha sauti. "Yule malkia wa Misri," alisema, "habari zake zimetufikiaje?"

"Ziliandikwa, Bi Tatu. Zilichongwa kwenye kuta za mawe. Baadaye walikuja watu wakalikwangua jina lake, lakini halikuisha lote."

"Wale walikwangua kwa patasi, tena akiwa ameshakufa. Wewe umenikwangua kwa kalamu, na mimi nimekaa hapa nakutazama. Karani wa malkia angekuwa wewe, leo ungetusomea habari za mumewe."

Mwanangu, nimekemewa na wengi maishani, wakiwemo wenye vyeo. Hakuna kemeo lililoniingia kama lile, maana lilitoka kwa mtu niliyekuwa nimemfundisha kushika kalamu.

Asubuhi niliamka nikiwa nimekwisha amua. Watu walikuwa wamekusanyika, Mzee Shomari anatafuta pa kugonga fimbo yake mara ya pili, naye jasho linamtoka. Nikapita katikati ya wanaume na daftari langu.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba."

"Daftari hili lina uongo, na uongo ni wangu. Aliyesema anajua penye maji si Mzee Shomari. Ni Bi Tatu. Mimi ndiye niliyebadilisha jina."

Kelele ilizuka. "Karani ameota!" "Hizo ndizo habari za ghalani!" Mwenyekiti akaniambia nikae chini, nisilete aibu mbele ya mgeni. Sikukaa. Nikamgeukia Mzee Shomari nikasema, "Baba, nisamehe. Nimekubebesha mzigo usio wako."

Mzee Shomari alinitazama, akatazama lile shimo la chumvi, kisha akaangusha fimbo yake chini akacheka. "Jamani, mimi nimeoa huku! Mimi najua njia moja tu ya hapa, ya kwenda kwa mke wangu. Mwiteni mwenyewe, nami nipumzike."

Watu wakacheka naye, na hasira ikaisha hapo. Bwana maji akakunja karatasi yake. "Bi Tatu ni nani?"

Alikuja amejifunga kanga kiunoni, akina mama wote nyuma yake, jembe begani, kwani shambani siku hiyo hakwenda mtu. Hakuzunguka. Alikwenda moja kwa moja hadi pembeni mwa kijiji, kwenye shamba la zamani la marehemu bibi yake, mahali palipobaki matete mabichi wakati nyasi zote zimekauka. Akasimama. "Hapa nilichotewa maji nikiwa mtoto."

Wanaume wanne wakazungusha chombo. Wakichoka, wanapokezana na wengine. Jua likapita utosini. Likaanza kuteremka. Dereva wa lori akaanza kufunga turubai, akina mama wakamwimbia mpaka akaacha. Halafu udongo uliopanda juu ukawa mweusi, ukawa tope, na maji yakaja. Bwana maji akachota kwa kikombe, akampa Bi Tatu kabla ya mwenyekiti. Akanywa taratibu, akampa mumewe. Mzee Shomari akanywa akapiga kelele kama kijana: "Baridi! Wallahi, maji baridi!"

Vigelegele vile nadhani Kilosa mjini walivisikia! Nami nikapiga magoti chini, kwenye tope, nikaandika: Bi Tatu ameonesha mahali pa kisima. Akaniambia nimpe daftari aone. Akalisoma jina lake, herufi moja moja, kwa kidole chenye matope, na doa lile lilibaki kwenye ukurasa.

Mwezi uliofuata alichaguliwa kuingia kamati ya maji. Na katika mikutano, wanawake waliivuta mikeka yao mbele, mmoja baada ya mwingine, bila mtu kuwaruhusu.

Mwanangu, wewe unaandika sana, kwenye simu na kwenye makaratasi ya ofisi. Wasome wanawake wakubwa wa dunia, wafurahie kama nilivyowafurahia mimi. Lakini mwanamke akisema neno mbele yako, liandike neno lake kwa jina lake, siku hiyohiyo. Usimpe baba yake, wala mumewe, wala mkubwa wako wa kazi. Na ukikosea, sema hadharani kabla lori halijaondoka.

Mungu akujalie masikio ya kuisikia sauti ndogo iliyo nyuma, akutie nguvu magotini siku ya kusimama peke yako, na maji ya nyumba yako yawe baridi daima. Amina.