Siku Nilipoinamisha Seli za Wambui

Aibu hii naiandika mwenyewe kabla hamjaisikia huku kwetu Kabiria kwa watu wa kuongeza chumvi. Na nimekasirika, maana hakuna mtu Nairobi hii wa kunifundisha mashine ya kutotolea mayai: niliacha shule darasa la sita, leo vifaranga wangu wanagombaniwa sokoni Ngara, na ndio waliomsomesha binti yangu Wambui mpaka akaingia maabara ya chuo kikuu katikati ya jiji.

Wazazi tulialikwa huko kuona kazi za watoto wetu. Wambui akatueleza (mimi nikitikisa kichwa kama profesa) kwamba anachukua seli changa za binadamu, zile ambazo hazijawa kitu bado, anazilisha maji ya pinki kila baada ya siku mbili, polepole zinaacha kugawanyika, zinachipua nyuzi, uzi mmoja unarefuka kutafuta jirani, na zikishikana zinapelekeana umeme. Hapo ndipo zimekomaa, ni seli za neva kamili. Alikuwa amezilea miezi minne, Jumatatu azipime, amalize digrii.

Akatoka kidogo. Nikafungua kabati la joto wanamozilea seli. Joto nyuzi thelathini na saba, karibu lile lile la mayai yangu, na sahani za seli zimelala bapa kwenye trei.

"Hizi huwa haziinamishwi?" nikamuuliza Mama Salim, mzazi mwenzangu.

"Baba Wambui, hayo si mayai."

"Mama, kinachokua ni kinachokua. Kikilala upande mmoja kinagandia."

Nikaiinamisha trei kama nifanyavyo kila asubuhi kwa mayai yangu. Sahani zikateleza zote, vifuniko vikatoka, maji ya pinki yakanimwagikia viatu. Kugeuka, profesa wao huyo mlangoni, na Wambui nyuma yake.

"Mzee, nani amekuruhusu?" Profesa aliuliza taratibu, kama anaongea na mtoto. Mimi, mbele ya wazazi wote!

Nikamwambia wangeandika kwenye mlango wa kabati kwamba watu wasiguse.

"Imeandikwa," Mama Salim akasema. "Umeegemea hapo hapo."

Wambui hakunifokea (angefoka ningejua la kujibu). Aliweka sahani moja kwenye hadubini, akachungulia sana.

"Zimeng'oka kwenye sahani, Baba, nyuzi zimekatika. Juzi ndio zilikuwa zimeanza kupelekeana umeme."

Ameanza upya na seli changa, miezi minne mingine. Bado nasema kabati kama lile lingetiwa kufuli. Lakini nimeapa: akinialika tena nitakaa kwenye kiti nitakachopewa, mikono mapajani, na ujuzi wangu niuache Kabiria. Nimeshamwambia hivyo mara tatu. Anasema, "Sawa, Baba," na siku ya kunialika haitaji.