Siku Tisa Kwenye Tuta la Chumvi

"Mmepanda fito, hamkupanda miti!" alisema wifi yangu, akamwaga mezani rundo la vijiti vikavu, juu ya makaratasi ya kamati. "Haya, hesabuni. Mliandika elfu nne. Hivi mia mbili nimeviokota asubuhi moja tu, vimekufa vyote. Kati yenu hakuna mwenye macho?"

Chumba cha kamati ni kidogo, kina meza iliyofungwa mguu kwa kamba, viti vitano na kalenda ya mwaka juzi. Bwana mradi, yule wa kupanda mikoko, alikuwa amevaa viatu vya mpira vipya, soli bado ina karatasi ya bei. Akavisogeza vile vijiti kwa ncha ya kalamu kama mtu anayesogeza panya mfu.

"Mama, tumekuelewa. Ndiyo maana awamu hii tunapanda elfu tano."

"Wapi?"

"Palepale. Ramani imeshapitishwa."

"Hapana."

Neno hilo ndilo lililompa jina. Mtaa mzima unamwita Bi Hapana, hata watoto wa watu, naye huitika. Mwenyekiti wa kamati ni kaka yake, tumbo moja ziwa moja, na ndiye mume wangu. Akakunja uso.

"Wewe, punguza sauti. Kuna mgeni."

"Mgeni siku mbili, kaka, ya tatu mpe jembe. Huyu ana mwaka wa tatu na jembe hajalishika."

Mimi nilikuwa mlangoni na birika la chai. Nilicheka, na mume wangu aliniona nikicheka. Tuliyamaliza nyumbani.

Wifi yangu alitoka shule darasa la nne, mama yao alipougua, akashika fimbo yenye ndoana na kuanza kuvua kaa. Mpaka leo anavua. Kidole chake cha shahada hakina ncha, ilikwenda na kaa mmoja, yeye akiwa na miaka kumi na mbili, na huyo kaa alimuuza vilevile. Kwa kaa hao alisomesha binti wawili baada ya mumewe kufariki. Hakopi. Ukimwomba msaada atakutukana kwanza, halafu atakuja.

Tope analijua kama mtu anavyojua jiko lake. Zamani, kando ya nyumba zetu, mkondo wa bahari uliingia kwenye msitu wa mikoko mkubwa, na maji yakijaa yalitanda humo kimyakimya, kisha yakarudi. Halafu akaja mtu wa chumvi. Akakata msitu, akazungushia tuta la udongo refu kuliko mtu, akachimba mabwawa ya kukaushia chumvi. Alikaa miaka kumi na mbili. Chumvi iliposhuka bei akaondoka, hakumuaga hata mlinzi wake, na tuta akatuachia sisi.

Ndani ya tuta palibaki uwanja mweupe, mkavu, hakuna hata funza. Na maji? Maji yaliyonyimwa uwanja wao yakahamia kwetu. Yalipita kwenye shingo nyembamba kati ya tuta na nyumba, kwa kasi, yakila ukingo. Nyumba ya wifi ndiyo ya mwisho. Mwaka mmoja yalichukua choo chake. Mwaka uliofuata jiko, sufuria moja ikaonekana siku ya tatu mbele ya duka. Kutoka kizingiti chake hadi ukingoni zilibaki hatua sita. Alikuwa akizihesabu kila asubuhi kabla ya kunawa uso.

Hasira zilitoka hapo. Mtu ana hatua sita, wewe unamletea ramani.

Mradi ulikuwa unapanda mikoko mbele kabisa, kwenye tope la chini ambalo maji hayaondoki hata yakipwa, ila saa moja tu. Mche unakaa umezama mchana kutwa. Wifi aliwaambia tangu mwaka wa kwanza: mkoko unaota palipo na matundu ya kaa wadogo, wale wenye gando moja jekundu. Pale mbele hakuna tundu hata moja. "Kaa mwenyewe amepakataa, na yeye hajasoma ramani." Akawaambia toboeni tuta, pale ilipokuwa mikondo ya zamani. Maji yataingia, mbegu zitaelea na maji, zitajipanda zenyewe.

Bwana mradi alimjibu kwa upole, na upole ule ndio uliotuchoma zaidi. "Mama, bajeti yangu ni ya kupanda miche. Ya kubomoa sina." Maana wakubwa zake wanahesabu iliyopandwa. Iliyoishi haina safu kwenye fomu yao.

Mume wangu naye aliogopa. Mtu wa chumvi alipokuja, yeye ndiye aliyetia sahihi kama shahidi. Bango lake lilikuwa bado limesimama pale: MARUFUKU KUGUSA TUTA. Mwenye bango hayupo, bango linaheshimiwa.

Basi siku ya elfu tano ikafika. Wakaja wageni, wakaja na mahema na maji ya chupa. Sisi wanawake tulilipwa kwa kila mche. Nami nilipanda, sitajificha. Mia tatu na arobaini kwa mikono yangu, nikijua vizuri kuwa ninazika. Mgeni rasmi akapewa wake. Mbegu ya mkoko ni ndefu kama kalamu, ncha kali ndiyo inayoingia topeni. Yeye akaichomeka kichwa chini. Sisi tukapiga makofi!

Wifi peke yake hakupiga. "Baba," alimwambia, "huyo hujampanda, umemzika. Lakini usijali, na wenzake watamfuata."

Mume wangu alimshika mkono, akamtoa pale kama mlevi. Mbele ya binti zake. Usiku ule sikumsemesha.

Bamvua la mwezi ule, yale maji makubwa, lilikomba miche yote. Nilikwenda kuangalia: tope tupu, na chupa za maji za wageni. Na kutoka kizingiti cha wifi hadi ukingoni, hatua nne.

Mume wangu akamwambia afunge virago ahamie kwetu. Alisema vizuri, sitamsingizia. Wifi akasema, "Nije kwako nikae kwenye chumba cha uani, niwe naomba chumvi? Hapana."

Kesho yake asubuhi alinikuta nafagia. Jembe begani.

"Wifi, una siku zangu tisa."

Nilijua anazozisema. Sisi wanawake wa mtaa huu tunafanyiana kazi siku kwa siku. Ukinilimia siku moja, nina siku yako moja, na hakuna anayeandika kwa kuwa hakuna anayesahau. Nilipovunjika mguu, wifi alinichotea maji na kunipikia siku tisa. Kila nilipotaka kulipa alisema hana kazi ya kunipa.

"Unazitaka leo?"

"Nazitaka leo. Kwenye tuta."

"Kaka yako ataniua."

"Akikuua utakuwa umekufa unadaiwa. Twende."

Mtaa mzima ulikuwa na siku zake. Mmoja tatu, mwingine saba, mshona nguo ishirini na mbili tangu kujifungua pacha. Wifi hakuwahi kudai. Siku ile alipita nyumba kwa nyumba, hakubembeleza mtu, alitaja idadi tu. Tulitoka wanawake kumi na mmoja na majembe.

Hakuanza kuchimba ovyo. Alitembea juu ya tuta akiangalia chini, upande wa nje, kwenye matundu ya kaa, mpaka alipoona yamejipanga kama mstari. "Hapa ndipo mkondo ulipopita. Maji yanakumbuka kuliko wenyeviti." Akatupangia: maji yakipwa tunachimba, yakianza kujaa tunatoka.

Udongo wa tuta la chumvi ni mgumu kama matofali. Viganja vyangu vilipasuka siku ya pili. Siku ya tatu mume wangu akatokea na daftari.

"Mnavunja mali ya watu! Naandika majina, yanakwenda polisi!"

"Andika, kaka," alisema wifi bila kuinua kichwa. "Na mwenye mali aje atutambue, tumemkumbuka sana."

Akaanza kuandika. La kwanza dada yake. La pili mshona nguo. La tatu muuza mkaa. La nne alipoinua macho ilikuwa mimi, nimejaa tope hadi kwenye nyusi.

"Andika, mwenyekiti," nilimwambia. "Na ukimaliza pitia sokoni ununue cha kupika, maana mpishi wako anakwenda ndani."

Wanawake wakacheka hadi wakakaa chini. Akasimama pale na kalamu yake. Kisha akafunga daftari, akaenda akaling'oa lile bango, akalitupa kwenye mabwawa, na kurudi nyumbani. Hakushika jembe. Sikumsamehe hilo siku ile, na sijui kama nimemsamehe leo.

Siku ya tisa, mchana, kabla hatujafika chini, maji yalijaa mapema, yakalikuta tuta limekonda, yakalisukuma. Yaliingia kwenye uwanja mweupe taratibu, yakitafuta njia, na povu mbele. Wifi alisimama akiyatazama. Hakulia. Alisema, "Mijinga sisi. Miaka yote hii."

Sasa ni mwaka wa pili. Mle ndani mikoko imefika magotini, hakuna aliyeichomeka. Kaa wamerudi. Mkondo wa kwetu umepoteza kasi, na hatua za wifi ni nne bado. Bwana mradi alikuja na kamera, akauliza kwa adabu tumepanda mingapi, aiweke kwenye taarifa.

"Sifuri," alisema wifi.

"Mama, sifuri siwezi kuiandika."

"Basi andika jina lako."

Alipoondoka, nilimwambia wifi kuwa siku ya tisa maji yalitufukuza mchana, kwa hiyo nina nusu siku yake, na sipendi kudaiwa na mtu mwenye mdomo kama wake. Akanipa udongo na mwiko nimkandikie ukuta wa jiko jipya, huku amekaa kwenye ndoo akinikosoa kila kona. Jua lilipofika utosini akaninyang'anya mwiko.

"Inatosha. Huna deni."

"Bado upande huu."

"Hapana," alisema. "Huo nitaumaliza mwenyewe. Nyumba ni yangu."