Tairi la Mtu wa Mjini

Kaka yangu mkubwa alikuwa mwalimu, na pikipiki yake ya mbio ilikuwa fahari ya kijiji chetu kizima cha Marani. Tairi la nyuma lilipoisha, alinituma mjini Kisii nikachague jingine. Mimi ni mtu wa kukaa jikoni, lakini nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, basi nyumbani waliniona mtaalamu wa kila kitu.

Muuzaji aliweka mawili mbele yangu. "Hili la meno ni la matope. Hili laini ni la lami. Mnaishi wapi?"

Nilitazama lile laini lilivyong'aa, nikaona aibu kutaja udongo wetu mwekundu. "Hapa hapa mjini," nikasema.

Sabato asubuhi mvua ilikuwa imenyesha. Kaka alimpakia mama, amevaa gauni lake jeupe la kanisani. Kwenye mteremko wa kanisa pikipiki iliteleza, wakaanguka mbele ya washiriki wote. Mama akateguka mkono.

"Mwendo wako huo!" mama alimfokea kaka. "Hata Sabato?"

Mimi nilipangusa matope kwenye gauni.

Wiki iliyofuata kaka alienda kubadilisha tairi. Aliporudi aliniinamia sikioni: "Muuzaji anakusalimu, mtu wa mjini." Lakini kaka hakumwambia mama neno lolote kuhusu tairi.

Mama hakupanda tena pikipiki ile. Kila Sabato kaka aliiacha nyumbani akatembea naye, akisimangwa njia nzima kwa ajili ya mwendo, nami nyuma yao nimebeba Biblia zote tatu, nikijifanya sisikii.